Kuburuta mafaili kumegoma baada ya kuhamia Ubuntu

Swali hili kaniandikia dada mmoja mwenye stesheneri maeneo ya Makorora, hapa hapa Tanga:

"Asalaam aleikum fundi. Laptopu yangu ya dukani ilikuwa na Windows 10, nikaambiwa haiwezi kupokea Windows 11, kijana mmoja akaniwekea Ubuntu 24.04 na ile Windows akaiacha pembeni. Inaenda haraka, nimeipenda, ila kuburuta mafaili kumenishinda. Nikichomeka simu ya mteja nikaburuta picha kupeleka WhatsApp ya kwenye Firefox haiingii. Nikipeleka kwenye ile D ya zamani nakataliwa. Nikivuta faili kutoka ndani ya zipu linarudi lilikotoka. Picha nikivuta kwenda GIMP, ile programu ya kuhariri picha, siku nyingine inakubali siku nyingine hapana. Halafu muda mwingine nikifika katikati linajiachia lenyewe, juzi CV ya mteja imeingia folda nisiyoijua mpaka leo sijaiona. Kijana anasema Linux ndo ilivyo, nirudi Windows tu. Nifanyeje?"

Waaleikum salaam dadangu. Pole sana, najua mteja akiwa kasimama kaunta na kompyuta inakugomea moyo unavyokwenda mbio. Kwanza nikutoe wasiwasi, siyo kwamba Linux ndo ilivyo, mimi Ubuntu ndo ninayofanyia kazi miaka na miaka na kuburuta naburuta kutwa. Ila swali lako nimelisoma mara tatu na nilichokiona ni kwamba huna tatizo moja, una matatizo matano yamevaa kanzu moja, na ndo maana kijana kachoka, manake akigusa moja wewe unamwambia bado, na kweli bado.

Tuanze na CV ya watu maana hiyo ni amana. Kama ile dirisha ya mafaili bado hujaizima tangu siku ile na hujahamisha kitu kingine, bofya ndani yake halafu bonyeza Ctrl na Z, itarudisha kitendo cha mwisho, faili linarudi lilikotoka. Najua zimepita siku, pengine umeshazima mashine, basi fungua Files, ile programu ya mafaili, nenda Home, anza tu kuandika kipande cha jina la hilo faili bila kubofya popote, itatafuta yenyewe na kwenye folda za ndani. Ikishindikana fungua terminali, ile dirisha ya kuandikia amri, uandike hivi:

find ~ -iname "*cv*"

Itakuorodheshea kila faili lenye cv kwenye jina pamoja na njia yake kamili. Badilisha hilo neno uweke jina la mteja kama ulihifadhi kwa jina lake. Faili halijafutika hilo, limehama tu.

Na kwa nini lilihama badala ya kunakiliwa? Hapa watu wengi wanaotoka Windows wanaumia bila kujua. Ukiburuta faili ndani ya diski moja linahama, ukiburuta kwenda diski nyingine linanakiliwa na la kwanza linabaki. Windows nayo iko hivyo hivyo, sheria haijabadilika, kilichobadilika ni duka lako. Zamani kazi za wateja ulikuwa unaziweka D na desktopu iko C, kwahiyo kila ukivuta kuja desktopu ulikuwa unapata nakala na ya asili inabaki D salama, mkono ukazoea kwamba kuburuta ni kunakili. Sasa hivi vyote viko kwenye Home moja, diski moja, kwahiyo ukivuta kinahama, na ukikiachia pembeni kidogo tu kinaingia folda uliyopita juu yake. Dawa yake shikilia Ctrl wakati unaburuta, utaona alama ya kujumlisha inatokea kwenye mshale, hiyo maana yake nakala. Uachie mausi kwanza ndo uachie Ctrl, ukitanguliza Ctrl inarudi kuwa kuhama. Ukitaka kwa makusudi kuhamisha kwenda diski nyingine unashikilia Shift. Kwa kazi ya stesheneri mimi ningekushauri uzoee Ctrl kila mara, ukijaza nafasi utafuta baadae, kuliko kupoteza cheti cha mtu.

Sasa lile la kujiachia katikati ya safari, hilo wala usiihusishe Ubuntu kabla hujamchunguza mausi. Jaribio ni rahisi, nenda desktopu sehemu tupu isiyo na kitu, bonyeza kitufe cha kushoto ushikilie, vuta utaona kiboksi kinachorwa kinafuata mshale. Endelea kuzungusha hicho kiboksi kama dakika nzima bila kuachia kidole. Kama kiboksi kinapotea wakati kidole chako bado kimekandamiza, basi mausi ndo inaachia, swichi yake ya ndani imechoka. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, vile vidude vya chuma ndani ya swichi vinashika kutu mapema, na duka likiwa wazi mlango kutwa ndo zaidi. Ukitaka ushahidi kamili weka hii:

sudo apt install libinput-tools

halafu

sudo libinput debug-events

Ukibonyeza kushoto itaandika BTN_LEFT na neno pressed, ukiachia itaandika released. Wewe kandamiza usiachie, ukiona released imejiandika yenyewe hapo mjadala umeisha, nunua mausi nyingine, ya waya inatosha. Ukimaliza bonyeza Ctrl na C kutoka.

Na kama unatumia tachipedi siyo mausi hesabu ni nyingine. Kuburuta kwa tachipedi kwenye Ubuntu unagusa mara moja, unagusa tena mara ya pili hapo hapo bila kuchelewa na hiyo ya pili huinui kidole, unateleza nayo. Shida inakuja kidole kikifika ukingoni mwa tachipedi na faili bado halijafika, ukiinua tu urudishe kidole mzigo unadondoka. Kuna kufuli la kuzuia hilo, linawashwa kwa mstari huu:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-and-drag-lock true

Ukishaliwasha ukiinua kidole kwa kitambo kidogo urudi nyuma faili halidondoki, linakusubiri. Mwanzo utaona kama linang'ang'ania ukiachia, utazoea baada ya siku mbili.

Haya, sasa tuingie kwenye yale matatu makubwa, simu kwenda Firefox, ile D, na zipu, halafu na GIMP. Hapa nataka unielewe kitu kimoja vizuri manake ukikielewa hiki hutamhitaji fundi kwa haya mambo tena. Unapoburuta faili, wewe macho yako yanaona picha inatembea, lakini kinachotembea siyo faili. Kinachotembea ni anwani ya faili. Ni kama mtu anavyotoa mzigo bandarini, hauingii mlangoni umebeba kontena kichwani, unaingia na karatasi, karatasi inasema mzigo uko ghala fulani, na anayepokea ile karatasi ndo anakwenda mwenyewe ghalani kuuchukua. Programu unayotoka inasema nina karatasi za aina hii, programu unayokwenda inaangalia inasema naijua aina hiyo lete, ndo ile alama ya kujumlisha unayoiona, au inasema siijui na unaona alama ya kukatazwa. Ukiachia, karatasi inakabidhiwa. Faili lenyewe linaendwa kuchukuliwa baada ya hapo.

Kwahiyo kila ukigomewa jiulize mzigo umekwama wapi. Karatasi haikupokelewa? Au karatasi imepokelewa ila mpokeaji hana ruhusa ya kuingia lile ghala? Au ghala lenyewe limefungwa? Au mzigo haujawahi kuwepo kwenye hiyo anwani?

Tuchukue simu kwenda Firefox. Simu ya Android ukiichomeka kwa waya ukachagua kuhamisha mafaili haiji kama flashi. Inaongea lugha yake inayoitwa MTP, na Ubuntu inakutengenezea folda ambayo kwa kweli siyo folda ya diski, anwani yake inaanza na mtp badala ya njia ya kawaida ya Home. Files inaielewa hiyo anwani ndo maana picha unaziona. Ila Firefox inayokuja na Ubuntu imefungwa kwenye kifurushi kinaitwa snapu, na snapu ni kama mfanyakazi aliyeruhusiwa maghala machache tu, anaruhusiwa Home yako, mafaili ya kawaida ya wazi, haruhusiwi folda zilizofichwa zinazoanza na nukta, na ile anwani ya mtp ya simu inaweza kumshinda. Pengine karatasi ameipokea vizuri kabisa, kaenda mlangoni mzigo hakuupata, na hakuna anayekwambia, ndo maana unaona haiingii kimya kimya bila hata ujumbe. Kwa kweli hapo walioitengeneza wangetuwekea ujumbe hata wa neno moja ingetusaidia wengi, mtu anahangaika saa nzima kudhani mausi mbovu.

Suluhisho lake ni tabia siyo amri. Tengeneza folda ndani ya Home, iite Wateja, na ndani yake folda ya leo. Mteja akija na simu chomeka, nakili picha zake kwanza kwenda Wateja, hapo zinakuwa na anwani ya kweli kwenye diski ya kweli, halafu kutoka hapo ndo uburute kwenda WhatsApp. Itaingia. Hatua imeongezeka moja lakini utapata faida nyingine, simu ya mteja unaichomoa mapema haikai mezani kwako nusu saa, na picha ikiharibika wakati unaikata unayo ya asili. Jioni ukifunga duka futa folda ya siku hiyo, picha za watu na vitambulisho vya NIDA visilale kwenye mashine yako.

Kupanga madirisha ili uburute bila kuzungukana, bofya dirisha la Files ubonyeze kile kitufe chenye alama ya Windows pamoja na mshale wa kushoto, litajibana kushoto nusu ya skrini, kisha bofya Firefox ubonyeze kitufe hicho hicho na mshale wa kulia. Sasa unavuta kutoka huku kwenda huku, umbali mfupi, hata mausi iliyochoka inafika.

Programu nyingine za snapu zinaweza kugomea na flashi pia, siyo simu tu. Ukitaka kujua programu gani imeruhusiwa nini andika kwa mfano

snap connections firefox

utaona jedwali, tafuta mstari wenye removable-media, ukikuta safu ya Slot ina kistari tu basi hiyo programu hairuhusiwi kusoma flashi, unairuhusu kwa

sudo snap connect jina-la-programu:removable-media

Weka jina lake badala ya hilo nililoandika. Wapo watakaokwambia toa snapu zote kabisa weka Firefox ya kawaida, inawezekana na mimi nawajua waliofanya hivyo na wako vizuri, ila kwa duka lako sioni sababu. Hiyo brauza inafungua viambatanisho vya kila mtu anayepita barabarani, acha ikae kwenye chumba chake.

Sasa D. Hii nina uhakika mkubwa ni ile Windows iliyoachwa pembeni. Windows 10 ina kitu inaita Fast Startup, ukiizima haizimiki kamili, inajilaza nusu usingizi ili kesho iwake haraka, na ikilala hivyo inaacha diski zake kama mtu aliyetoka chumbani akaacha daftari wazi mezani na kalamu juu yake. Linux ikija inaona daftari la mwenzake liko wazi, inajua ikiandika humo inaweza kuvuruga kazi, kwahiyo inaifungua ya kusoma tu au inakataa kabisa. Siyo ubaya wake, inakulindia kazi zako za miaka yote. Hakikisha kwa kufungua D kwenye Files halafu andika terminalini:

mount | grep media

Utapata mstari wa D na mwishoni kuna mabano, ndani ya mabano ukikuta neno la kwanza ni ro maana yake kusoma tu, ukikuta rw inaruhusu kuandika. Ikiwa ro, washa mashine uingie Windows, nenda Control Panel, sehemu ya Power Options, utakuta mahali pa kuchagua vitufe vya kuzimia vinafanya nini, toa tiki kwenye fast startup, uhifadhi, halafu uzime kwa Shut down siyo Sleep. Kama hupaoni hapo, shikilia Shift wakati unabofya Shut down, hiyo inazima kamili kwa mara hiyo moja. Rudi Ubuntu ufungue D, buruta, itapokea.

Ukisoma mtandaoni utakutana na amri za kulazimisha, za kufuta lile faili la usingizi wa Windows. Usizitumie. Kama kuna kitu Windows ilikuwa haijaandika kwenye diski utakipoteza, na D yako ndo ina kazi za wateja wa miaka. Na nikushauri kabisa, ukishaingia D nakili vyote vya muhimu uvilete Home au kwenye diski ya nje, manake Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, sehemu hiyo unayoiweka pembeni haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, wakati hiyo 24.04 yako inahudumiwa mpaka 2029.

Kuna jambo jingine vijana wanapenda kulifanya diski ikigoma, wanafungua Files kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, au wanapiga chmod 777, amri ya kumruhusu kila mtu, kila mahali. Naomba sana usikubali. Ukifungua Files kwa sudo kila faili unalolinakili humo linakuwa mali ya root, yaani huyo msimamizi, kesho ukilifungua kawaida unakataliwa kulihifadhi, halafu unaona tena Linux mbovu. Na 777 ni kuacha mlango wazi kwa kila programu. Kama ni diski mpya uliyoifomati ndani ya Ubuntu na inakukatalia, tatizo ni umiliki, unajipa umiliki wa diski hiyo tu, ukiitaja njia yake kamili:

sudo chown -R $USER:$USER /media/njia-ya-diski-yako

Angalia herufi kwa herufi kabla ya Enter, isije ikawa mkwaju peke yake bila njia, hapo utaivuruga mashine nzima.

Zipu nitaipitia haraka. Faili lililoko ndani ya zipu halina anwani. Liko ndani ya gunia limeshonwa, hakuna karatasi ya kuliandikia. Ile programu ya kufungulia zipu ilikuwa na ujanja wake wa zamani, ukivuta faili inauliza dirisha unakokwenda folda yako inaitwaje nikutolee humo, lakini huo ujanja umejengwa juu ya mfumo wa X11, na wewe saivi uko kwenye Wayland, swali halipati wa kulijibu, faili linarudi. Bofya zipu kulia, chagua Extract, litafunguka folda pembeni yake, buruta kutoka humo. Nimeona watu wanahangaika na hili wiki nzima na dawa yake ni mibofyo miwili tu hiyo.

Nimetaja Wayland na X11, na ndo hiyo inayoelezea GIMP yako. X11 ni mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, umeanzia MIT huko Marekani mwaka 1984, na toleo hilo la 11 ni la 1987, ni mfumo wa zamani wenye heshima zake. Kwenye X11 kila dirisha linaweza kuona mengine yanafanya nini, hata kusikiliza unachokiandika kwenye dirisha la jirani, ikiwemo paswadi. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg akaanzisha Wayland, ambayo kila dirisha lina chumba chake na mpangilio mzima wa kukabidhiana unapita kwa msimamizi mmoja. Usalama umeongezeka sana, ila programu zilizoandikwa kwa X11 haziijui lugha mpya, kwahiyo kukawekwa mkalimani katikati anaitwa XWayland.

Wewe ni mtu wa Tanga, hii utaipata mara moja. Unakumbuka zamani kabla kina cha bandari yetu hakijachimbwa, meli kubwa zilikuwa haziwezi kufika gatini, zinatia nanga kule nje na mzigo unashushwa kwenye matishari, tishari ndo linaleta gatini. Mzigo ulikuwa unafika, hakuna aliyesema bandari haifanyi kazi, ila kila mzigo unainuliwa mara mbili, na panapoinuliwa mara mbili ndo panapodondoka vitu. GIMP iliyomo kwenye hifadhi ya Ubuntu 24.04 ni ile ya 2.10, hiyo ni ya X11, iko kule nje imetia nanga, wakati Files iko gatini kwenye Wayland. Kila ukiburuta picha karatasi inapita kwa tishari. Mara nyingi inafika, siku nyingine tishari linachelewa, hasa ukiachia kwa haraka kabla GIMP haijajibu. GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 inaongea Wayland moja kwa moja, hiyo imeshafika gatini, haihitaji tishari.

Ukitaka kujua programu zipi zinapita kwa tishari kwenye mashine yako, zifungue kisha andika

xlsclients

zitakazotajwa hapo ndo za X11. Na kujua wewe mwenyewe umeingia kwa mfumo upi andika

echo $XDG_SESSION_TYPE

itajibu wayland au x11.

Jaribio la kukata shauri ni hili, toka kwa Log Out, bofya jina lako kama unaingia, kabla hujaandika paswadi angalia kona ya chini kulia kuna kigurudumu chenye meno, kibofye uchague Ubuntu on Xorg, hiyo Xorg ndo X11, ingia ujaribu kuburuta picha ile ile kwenda GIMP mara kumi. Ikikubali zote kumi basi umejua tatizo lilikuwa tishari. Unaweza hata kubaki huko kwa muda kama kazi ni nyingi, mimi sikukatazi. Ila usipafanye makao, kuanzia Ubuntu 25.10 hilo chaguo limeondolewa, siku ukipandisha toleo utakuta halipo na mazoea yatakusumbua upya. Afadhali uweke GIMP mpya, au uzoee kubofya picha kulia na kuchagua kuifungua kwa GIMP, hiyo haipiti kwa karatasi ya kuburuta kabisa na haijawahi kuniangusha. Hata Ctrl na C halafu Ctrl na V kati ya folda na folda ni kuburuta kule kule bila kutegemea kidole kushikilia.

Kuna moja hukuniuliza lakini niliseme manake linahusiana na haya na linaweza kukuvunjia jina dukani. Ukiburuta faili kwenda flashi ya mteja, Ubuntu inaweza kuonyesha imemaliza wakati mzigo bado uko kwenye kumbukumbu ya muda, inaandika taratibu kwa nyuma. Mteja ana haraka, daladala inapiga honi, unachomoa unampa, akifika nyumbani faili halifunguki. Mimi lilinikuta hilo, mwalimu mmoja wa Duga nilimpa flashi ya mitihani hivyo hivyo, kesho yake darasa zima linasubiri karatasi na faili ni bovu, niliumia sana na mpaka leo nikikutana nae naikumbuka. Tangu siku ile sichomoi flashi bila kubofya kile kialama cha mshale wa juu pembeni ya jina lake kwenye Files na kusubiri iseme ni salama kutoa. Ikichukua dakika mbili mwambie mteja asubiri dakika mbili, ndo hapo inapoandika kweli.

Sasa fanya kwa mpangilio huu. Leo tafuta ile CV na umjaribu mausi kwa kiboksi cha desktopu. Kesho asubuhi kabla ya wateja ingia Windows utoe tiki ya fast startup. Folda ya Wateja itengeneze saivi hivi unavyosoma. GIMP isubiri, siyo ya dharura. Na huyo kijana usimgombeze, kazi ya kukuwekea kaifanya vizuri, msomeshe tu hiki nilichoandika mkae nacho pamoja. Ile D ikiendelea kukataa baada ya kuzima Windows kamili, nakili ule mstari wote wa mount unitumie kama ulivyo, na mabano yake yote, kwenye mabano humo ndo nitaona imekwama wapi.